Vimeng'enya vya kwenye chupa

Wikiendi iliyopita nilikuwa Karatu. Kreta sikwenda (kiingilio nawaachia watalii), nilikwenda kumwona shangazi, ambaye ana kisukari mwaka wa sita sasa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenenepa hivyo?"

Haya, ndiyo Dar hiyo.

Juu ya kabati, pale zinapokaa dawa zake za hospitali, nikakuta chupa ya vidonge aliyonunua mnadani. Muuzaji alimwambia watu wananenepa na kupata sukari kwa sababu "enzaimu zimeisha mwilini", basi anywe vidonge azirudishe. Metformin alikuwa ameiacha wiki ya tatu. Nilikasirika kuliko nilivyomwonyesha.

Kinachoniuma ni kwamba habari ya kweli ya vimeng'enya iko hapo hapo jirani yake. Mwaka 2007 wanasayansi walilinganisha Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaochimba mizizi, na Wadatoga, wanaoishi kwa maziwa na nyama. Kwenye mate yetu kuna amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Ndiyo maana kiazi ukikitafuna sana kinaanza kuwa kitamu. Wahadzabe walikutwa, kwa wastani, na nakala nyingi zaidi za jeni ya amilesi. Mwaka huo huo Sarah Tishkoff na wenzake wakaonyesha mabadiliko ya jeni yanayowawezesha wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya kumeng'enya maziwa hata wakiwa watu wazima. Hayo yalichukua maelfu ya miaka. Hakuna aliyemeza kidonge.

Je, wenye amilesi kidogo hunenepa? Mwaka 2014 utafiti mmoja ulisema ndiyo. Mwaka uliofuata wengine wakahesabu nakala hizo kwa njia makini zaidi, uhusiano haukuonekana.

Na hapa ndipo muuzaji anapoanguka kabisa. Ipo dawa ya hospitali ya kisukari, acarbose, ambayo kazi yake ni kuvizuia vimeng'enya vya utumbo visivunje wanga haraka, ili sukari isipande ghafla baada ya ugali. Yaani inafanya kinyume cha alichoahidiwa shangazi! Vidonge halisi vya vimeng'enya vipo, mfano kwa mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi vya kutosha, lakini vinamsaidia kumeng'enya chakula. Insulini ni kitu kingine, ni homoni, na mwili ulioacha kuisikia haufundishwi kwa chupa ya mnadani. Misuli inayofanya kazi, ndiyo, huvuta sukari kutoka kwenye damu. Shangazi alikuwa akilima zamani. Siku hizi anakaa dukani.

Muuzaji simlaumu peke yake. Sisi wanahabari ndio tunaosoma matangazo haya hewani, kwa sauti nzuri, halafu tunaweka muziki. Mimi mwenyewe nimewahi kuyasoma, na sikumuuliza mtu swali hata moja.

Jumatatu nilimpeleka kliniki. Sukari ilisoma 19. Nesi alinitazama mimi, si yeye.

Njiani kurudi akaniuliza, "Sasa mwanangu, ile chupa niitupe? Nimeinunua elfu arobaini."