Moto Uzaao Baridi



Mwambie mwanafunzi kwamba moto waweza kugandisha maji, naye atacheka. Atajibu: «Mwalimu, moto huchemsha tu.» Hata hivyo frigo ya gazi hufanya kazi hiyo usiku na mchana, wala haina mota ndani yake. Leo tuitazame frigo hiyo, tujue namna ya kuitunza.

Katika Ulaya na Marekani jamaa nyingi husafiri wakati wa mapumziko kwa motokaa kubwa yenye vitanda, jiko na meza. Ni nyumba juu ya magurudumu. Frigo iliyomo mara nyingi hupokea joto kwa njia tatu: gazi ya chupa, umeme wa betri wa volti 12, au umeme wa mji, yaani volti 230 katika Ulaya na 120 katika Marekani. Ndugu yake ni frigo ya mafuta ya taa, iliyohifadhi chanjo kwa miaka mingi katika zahanati zetu za Kongo zisizofikiwa na umeme. Siku hizi frigo za nguvu ya jua zimeshika nafasi yake mahali pengi. Lakini aijuaye moja ya ndugu hao wawili, aijua na ya pili.

Waliobuni chombo hiki ni wanafunzi wawili wa Stockholm, katika Uswidi: Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Mabomba yake ya chuma yamefungwa kabisa, na ndani yake mna maji, amonia na hidrojeni. Moto huyachemsha maji yenye amonia. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa nyuma ya frigo, hugeuka kuwa kama maji, kisha huingia katika mabomba ya ndani. Huko hukutana na hidrojeni na kuwa mvuke tena. Na katika kugeuka hivyo hunyang'anya joto la vyakula. Mwisho maji huinywa ile amonia, nayo hurudi penye moto. Hakuna pampu ya kuzunguka: povu la uchemkaji hupandisha maji, na uzito wake mwenyewe huyashusha.

Basi, kwa kuwa maji hushuka kwa uzito wake, sharti la kwanza ni kuiweka frigo sawasawa. Mwaka mmoja, katika zahanati ya kijiji nilikofundisha, waliiondoa frigo mahali pake ili wapake ukuta chokaa, kisha wakairudisha juu ya sakafu iliyoinama. Kesho yake moto uliwaka vizuri, lakini ndani mlikuwa na joto. Chanjo, ambayo yapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8, ilitupwa yote, na akina mama waliotembea tangu alfajiri wakarudi na watoto wao mikononi. Fundi mwashi alileta pimamaji, akatia kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Baada ya siku moja baridi ilirudi.

Katika motokaa ni vivyo hivyo. Inapokwenda, mtikisiko huyasaidia maji kushuka. Hatari huja inaposimama penye mteremko na frigo inawaka. Maji hutuama bombani, chungu cha moto hukauka, chuma huungua, na dawa iliyotiwa ndani kuzuia kutu huweza kuganda na kuziba njia. Bomba lililozibika hivyo kwa kawaida halitengenezeki. Hubadilishwa lote, kwa gharama kubwa.

Sharti la pili ni waya. Watu hudhani kwamba volti 12 ni kidogo, basi waya mwembamba watosha. Sivyo! Frigo ya wati 120 juu ya volti 12 hutaka ampea 10. Tuseme betri iko mbali mita 5. Umeme huenda na kurudi, jumla mita 10. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utapoteza zaidi ya volti 1 njiani, na joto litapungua karibu sehemu moja katika sita. Waya wa milimita za mraba 6 hupoteza sehemu tatu tu za kumi ya volti. Tena waya huo uanze karibu na betri, upite katika fyuzi yake wenyewe, na uwe na swichi ya kuukata injini inapozimwa. Bila swichi hiyo, betri ya ampea-saa 100 yaweza kukauka kwa saa 10, na asubuhi motokaa haitawaka.

Sharti la tatu ni moto safi na hewa. Moto wa gazi uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na wenye masizi, zima, acha upoe, kisha safisha bomba la moshi na kinywa cha moto. Lile tundu dogo la gazi lisichokonolewe kwa sindano, maana likipanuka kipimo chake kimeharibika. Lioshwe kwa spiriti, likaushwe kwa hewa. Matundu ya hewa nyuma ya frigo yakaguliwe, kwa sababu nyigu na buibui hupenda kujenga humo. Moto usiopata hewa hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu, iuayo watu usingizini.

Gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Viungio vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na njiani, kabla ya kuingia panapouzwa mafuta ya motokaa, moto wa frigo uzimwe. Ukisikia harufu kali inayochoma macho, au ukiona unga wa manjano juu ya mabomba ya nyuma, amonia inavuja: zima, fungua madirisha, toa watu nje, mwite fundi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kile kipande cha ubao cha mwashi hakikugharimu hata senti moja. Kingaliwekwa siku ya kwanza, watoto wale wangalipata chanjo yao. Wewe uliyekabidhiwa chombo cha namna hii, pima sakafu kwanza, ndipo uwashe.