Mizani ya Pamba na Kamera ya Joto

Mkulima wa Bariadi apelekapo pamba yake kituoni hutazama mizani kwanza. Anajua kwamba mizani iliyopotoka kidogo tu humnyang'anya jasho la msimu mzima, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo huikagua. Ajabu ni kwamba sisi tuliosoma twakubali kupimwa joto la mwili mlangoni kwa kamera ambayo hatujauliza ilisahihishwa lini, wala kwa kitu gani.

Kamera hizi zilijulikana sana nchini mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, hasa katika viwanja vya ndege. Kanuni yake ni ya kweli. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho. William Herschel aliigundua nchini Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga uliotawanywa na mche wa kioo. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, huitoa miale hiyo karibu sawasawa. Rangi, basi, isisingiziwe.

Kosa liko kwingine. Kamera husoma joto la juu ya ngozi, nasi twataka joto la ndani. Paji la uso huweza kupungukiwa na nyuzi mbili au tatu, na mtambo hujazia tofauti hiyo kwa kukadiria. Sasa mfikirie mtu aliyetoka Itilima kwa baiskeli, akafika Bariadi saa saba mchana. Jua limelichoma paji lake. Kamera yaweza kumwita mgonjwa. Mwenzake ana homa kweli, lakini jasho linalokauka limempoza usoni, naye hupita bila kuulizwa. Aliyemeza dawa ya kushusha homa hupita vilevile.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani hushauri kipimo hiki kifanyike katika chumba chenye nyuzi 20 hadi 24 za Sentigredi, pasipo upepo wala jua. Apimwe mtu mmoja mmoja, amevua kofia na miwani, na shabaha iwe kona ya ndani ya jicho, ambako joto la ngozi hukaribia zaidi lile la ndani. Karibu na mpimwaji kiwepo kifaa cheusi chenye joto linalojulikana, ambacho kamera hujilinganisha nacho. Hicho ndicho jiwe la mizani. Bila hicho, usahihi wa nusu nyuzi unaotajwa na wauzaji ni maneno matupu.

Hesabu ya mfano itatusaidia. Watu 1,000 waingie jengoni, watano wakiwa na homa. Kamera iwatambue wanne, na katika kila wazima 100 iwazuie watano kwa makosa. Watazuiwa watu 54 hivi, na 50 kati yao ni wazima! Mlinzi atachoka mapema, kisha ataanza kuwapungia mkono wote wapite, hata yule wa kweli.

Jambo hili si la mzaha kwetu tulio kandokando ya Ziwa. Mwezi Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, mkoani Kagera. Aliyeambukizwa Marburg huweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kutokea, na kwa muda huo hakuna kamera itakayomwona. Homa inayoonekana nayo yaweza kuwa malaria tu.

Kwa hiyo naona si haki fedha za jengo la umma mkoani Simiyu zinunue kamera kabla ya kuwapo chumba chake, umeme usiokatika wa kukipoza, na kifaa cheusi cha kulinganishia. Pasipo hivyo, ni afadhali benchi kivulini, watu wapumzike dakika 15, kisha anayeshukiwa apimwe kwapani kwa kipimajoto cha kawaida na kuulizwa alikotoka.