Kila Jimbo na Kipimo Chake

Sisi wauguzi tuliotoka Kisii, Kiambu, Moshi na Bukavu, tukaishia Dallas, Lowell, Minneapolis na Kansas City, tumenyamaza vya kutosha. Wengi wetu tulianza na usaidizi katika nyumba za wazee, usiku tunageuza wagonjwa vitandani, asubuhi tunaingia darasani. Tukapata leseni ya uuguzi. Kisha baadhi yetu tukarudi chuoni kuchukua shahada ya uzamili na kufanya mtihani wa ubingwa, ili tuweze kupima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa wenyewe. Marekani mtu huyo anaitwa NP, na ukihudhuria harusi au matanga ya Wakenya katika miji hii, utakutana naye. Malalamiko yetu ni haya: masharti ya leseni na vyeti yanabadilishwa bila sisi kuulizwa, na gharama ya kila badiliko inamwangukia muuguzi na mgonjwa wake.

Tuseme jambo moja kwanza, tusije tukasingiziwa. Hatukatai mitihani migumu. Aliyewahi kukesha na mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu linashuka kila dakika anajua kwa nini mwandika dawa lazima awe amefundishwa barabara. Ndiyo maana mwaka 2008, mashirika ya uuguzi na bodi za majimbo zilipokubaliana juu ya mwongozo mmoja wa nchi nzima, waliokuwepo wakati huo waliupokea kwa furaha. Kazi za ubingwa zilitajwa kuwa nne: NP, mkunga, muuguzi wa dawa ya usingizi, na muuguzi mtaalamu wa kliniki. Makundi ya wagonjwa yakawa sita, na kila mmoja akachagua kundi lake. Kufikia 2015 majimbo yote yalitarajiwa kuwa na sheria zinazofanana, na muuguzi bingwa angefanya kazi aliyoisomea bila kusubiri saini ya mtu mwingine.

Sehemu ya ahadi iliyotuhusu sisi ilitekelezwa. Vyuo vilibadilisha mitaala. Mtihani wa NP wa watu wazima na ule wa wazee iliunganishwa, ya zamani ikafungwa. Katika afya ya akili, vyeti vya rika moja viliachwa, kikabaki kimoja cha rika zote. Mwenye cheti cha zamani anaruhusiwa kukihuisha, lakini kikimwishia muda hawezi kukipata tena, maana mtihani wenyewe haupo. Wafikirie dada zetu wanaokatisha kazi kwa sababu ya uzazi mgumu, au wanaorudi nyumbani kumuuguza mzazi na kukaa kuliko walivyopanga. Ujuzi wote wa mikono yao hauwatoshi kupata mtihani mpya. Inabidi waingie chuoni, walipe ada, wasomee upya kazi waliyokuwa wakiifanya. Hili linatuuma sana, kwa sababu katika jamaa zetu anayeitwa nyumbani mzazi akiugua ni huyo huyo aliyesomea uuguzi.

Majimbo ndiyo yaliyobaki nyuma. Washington inampa NP mamlaka kamili tangu anapopata leseni. Minnesota inataka kwanza saa 2,080 za kazi kwa ushirikiano na daktari au muuguzi bingwa mwenzake. New York inataka saa 3,600. Illinois 4,000. California, kwa sheria iliyoanza kutumika 2023, saa 4,600 au miaka mitatu. Texas haina idadi yoyote ya saa: hata ukifanya kazi miaka 20, sharti la kuwa na makubaliano na daktari haliondoki. Mtihani wa taifa ni mmoja, vitabu ni vilevile, ila kila jimbo limejitungia hesabu yake. Tumewauliza wabunge na wasaidizi wao kwa nini saa 3,600 na si 3,000, na hakuna aliyetupa sababu inayotokana na afya ya wagonjwa.

Mji wa Kansas City umepasuliwa na mpaka wa majimbo mawili, na barabara inayofuata mpaka huo inaitwa State Line Road. Upande wa Kansas, tangu 2022, NP anaandika dawa bila mkataba na daktari. Akivuka barabara kuingia Missouri, muuguzi yuleyule, mwenye cheti kilekile, anatakiwa awe na mkataba. Mgonjwa wa kisukari aliyehamia nyumba ya ng'ambo ya barabara bado ana sukari ileile.

Texas ndiko tunakoumia zaidi, na tuko wengi huko. Sheria inamtaka NP awe na makubaliano ya maandishi na daktari, na wawili hao wakutane mara moja kwa mwezi. Daktari mmoja anaweza kuwa na makubaliano ya namna hiyo na wauguzi hadi saba. Hatakiwi awepo kliniki. Anaweza asimwone hata mgonjwa mmoja. Na ada anaitaka: wengine kati yetu wanalipa dola mia kadhaa kwa mwezi, wengine maelfu, na hakuna chombo kinachoweka kikomo. Daktari akistaafu, akihama au akifariki, muuguzi anaacha kuandika dawa mpaka ampate mwingine. Wakati huo wagonjwa wanafanya nini? Fort Worth na Houston kuna wakimbizi kutoka Kivu ambao usiku hawalali kwa yale waliyoyaona. Kwa taabu wamempata NP wa afya ya akili wa kuwasikiliza kwa Kiswahili, bila mkalimani wa simu katikati. Halafu siku moja wanaambiwa dawa haziwezi kuandikwa kwa sasa. Kwao hilo si jambo la karatasi.

Madaktari wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema daktari hupita saa zaidi ya 10,000 za mafunzo kwa wagonjwa kabla ya kusimama peke yake, wakati mwanafunzi wa NP kwa miaka mingi alitakiwa kuwa na saa 500 tu. Ni kweli. Tunajua pia kwamba vipo vyuo vya mtandaoni vinavyopokea kila mwenye ada na kumwacha mwanafunzi ajitafutie mwenyewe msimamizi wa mafunzo, hata kumlipa kutoka mfukoni. Mwaka 2022 viwango vya elimu ya NP vilipandishwa hadi saa 750, na sisi tunaunga mkono. Lakini kama tatizo ni mafunzo, dawa yake ni mafunzo. Saini ya daktari ambaye hayupo haimfundishi mtu chochote.

Kuhusu shahada ya udaktari wa uuguzi hatutasema mengi. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi kilitangaza kwamba kufikia 2015 shahada hiyo iwe sharti la kuingia katika ubingwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 2018 shirika la wahadhiri wa NP likaweka 2025. Kwa wauguzi wa dawa ya usingizi shahada hiyo imeshakuwa sharti: kila anayeanza masomo tangu Januari 2022 anasomea udaktari. Sisi wengine tunaishi tukibahatisha. Anayefikiria kurudi chuoni leo hajui kama uzamili utamtosha miaka kumi ijayo, na kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, mkopo wa serikali uliokuwa ukiwabeba wanafunzi wa shahada za juu unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026.

Mlango mmoja wa kutokea upo, nao umekwama. Muuguzi wa kawaida mwenye leseni ya mkataba wa majimbo anafanya kazi katika majimbo zaidi ya 40 kwa leseni moja. Sisi tuliosoma zaidi hatuna leseni kama hiyo kwa ubingwa wetu. Mkataba wa wauguzi mabingwa wa mwaka 2015 ulihitaji majimbo 10 na haukuyapata. Ukaandikwa mwingine Agosti 2020, sasa unahitaji saba. Kufikia mwisho wa 2023 yalikuwa yameupitisha manne: Delaware, North Dakota, Utah na South Dakota. Moja ya sababu za kukwama ni kwamba mkataba huo mpya uliongeza sharti la saa 2,080 za kazi, na chama kikubwa cha NP kikaupinga kwa ajili ya sharti hilo. Kwa hiyo wauguzi wanabishana na wauguzi, na majimbo yasiyotaka kubadilika hayahitaji hata kutafuta kisingizio. Hapa tunawalaumu viongozi wetu wenyewe. Kazi hii ilianzishwa Colorado mwaka 1965 na Loretta Ford, muuguzi, pamoja na Henry Silver, daktari wa watoto, kwa sababu watoto wa familia maskini na wa vijijini hawakuwa na wa kuwatibu. Watu hao wawili walielewana. Waliopo leo wanashindwa na mstari mmoja wa maandishi.

Tunataka mstari huo wa saa 2,080 ukatwe, mkataba upelekwe tena kwa majimbo, na mwenye cheti kilichofungiwa mtihani apewe njia ya kupimwa ujuzi wake bila kurudishwa darasa la kwanza. Na Texas tunataka ada ya saini iondoke kabisa. Bunge la huko hukutana Austin kila mwaka wa pili, kuanzia Januari, kwa siku 140, na miswada ya kuliondoa sharti la daktari imeletwa kikao baada ya kikao bila kupita. Mara nyingi kamati zinaposikiliza maoni, madaktari wamejaa ukumbini na sisi tuko zamu. Kikao kijacho tumeshaanza kubadilishana zamu mapema. Wagonjwa wetu watatu au wanne wamesema watakuja kuzungumza wenyewe, na anayehitaji mkalimani wa Kiswahili tutampatia.