Ndege Mwenye Jina la Petro



Injili ya Mathayo, sura ya 14, yatusimulia jinsi Mtume Petro alivyotembea juu ya maji. Husadikiwa kwamba kutokana na simulizi hiyo Waingereza walimwita ndege mmoja wa bahari kuu "petrel", wakimkumbuka Petro. Kwa maana anapotafuta uduvi hukunjua mabawa na kugusagusa mawimbi kwa miguu, akaonekana kana kwamba anatembea.

Wataalamu humwita Oceanites oceanicus. Uzito wake ni gramu 40 hivi, na rangi yake ni nyeusi kama masizi. Huzaliana katika miamba ya Antaktiki, ambako jike hutaga yai moja tu, na wazazi huliendea shimo lao usiku ili kuwakwepa ndege wawindaji. Baridi kali inapoanza huko, huruka kuja kaskazini. Na wakati wa kusi wengine hupita katika bahari yetu, mbali nje ya visiwa vya Songo Songo, wakielekea Bahari ya Arabu.

Yupo atakayeuliza: ndege asiyeliwa, tena asiyetua kwetu, anatuhusu nini? Anatuhusu, kwa kuwa mkondo wa bahari wa pwani yetu nao huelekea kaskazini. Kipande cha plastiki kilichoachwa ufukweni Songo Songo chaweza kusafiri njia ile ile. Ndege huyu huokota chakula usoni pa maji, na plastiki huelea papo hapo. Huimeza akidhani ni chakula, kisha akamlisha kinda wake.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, nasi twashukuru. Lakini chupa, kamba na vipande vya nyavu vingalipo. Wala tusiwanyoshee kidole wavuvi peke yao: chupa zinazobaki baada ya sherehe zetu za Kipaimara na ndoa ni zetu.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba viumbe vina thamani mbele ya Mungu hata pale visipotufaa. Kwa maoni yetu, upendo hupimwa hapo hasa, kwa kiumbe asiyeweza kutushukuru. Basi kila jumuiya ndogondogo itenge Jumamosi moja kila mwezi, isafishe ufuko pamoja na majirani zetu Waislamu. Na katika sherehe zetu turudie mitungi na vikombe.