Kompyuta na lugha za Kanda ya Ziwa: sarufi itangulie

Mchuuzi wa soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, akisema "ametupa dagaa," jirani yake anajua papo hapo kama wamepewa au dagaa wamemwagwa. Kompyuta haijui. Ikilikata neno a-me-tu-p-a, kuna waliopokea. Ikilikata a-me-tup-a, dagaa wako jalalani. Herufi ni zilezile, mkazo uleule.

Njia ya kulitatua hilo ilianza zamani. Mwaka 1983 Mfini Kimmo Koskenniemi alitoa mbinu ya kuiandikia mashine kanuni za maumbo ya maneno. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia katika kazi aliyoianza mwaka 1985, ambayo ilizaa SALAMA, mfumo wa kuchanganua Kiswahili. Kwanza hutolewa kila mkato unaoruhusiwa na sarufi, kisha kanuni za muktadha huondoa usiofaa.

Siku hizi wengi wanasema kanuni zimepitwa na wakati: ilishe mashine maandishi mengi, itajifunza yenyewe. Kiswahili kina magazeti ya kuilisha. Kisukuma je? Ni lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini, lakini maandishi yake ni machache, na kwa kawaida hayaonyeshi toni, yaani kiwango cha sauti cha kila silabi. Tena toni ya juu ya Kisukuma haikai ilikozaliwa. Husogea mbele, mara nyingi silabi mbili, hata kuingia neno linalofuata. Mashine inayosoma herufi tupu italionea wapi hilo? Mwanaisimu huliandika kwa kanuni moja. Herman Batibo alikwisha kuchambua sauti na maumbo ya Kisukuma katika kitabu cha mwaka 1985, tena kwa Kifaransa.

Wapinzani wa kanuni wana hoja nzito. Sarufi inataka "samaki hawa" kwa kuwa samaki ni kiumbe hai, ila sokoni utasikia "samaki hizi" watu wakihesabu mzigo. Mashine ya kanuni tupu itamwona mchuuzi amekosea, wakati yeye ndiye mwenye lugha. Kwa hiyo sauti za Mwaloni, Magu na Ukerewe zirekodiwe, zisahihishe kanuni. Lakini kukusanya data kidogo bila sarufi ni kuifundisha mashine kubahatisha, na mgonjwa anayesomewa na mashine maelekezo ya dawa hastahili kubahatishiwa.

Naviomba vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Taasisi yake ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), vitenge fedha kwa kazi hii, vianze na Kisukuma na Kikerewe, na viwalipe wazee wenye lugha kama wataalamu.