Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ofisi ya Ardhi: faili halionekani, kodi nalipa

Ndugu Mkuu,

Yah: Uhamisho wa milki ya kiwanja chenye pagale

Husika na somo tajwa hapo juu. Nakuandikia kwa heshima zote, na huko chini heshima hiyo ikianza kupungua, naomba univumilie kama mimi nilivyowavumilia vijana wako wa dirishani kila waliponiambia nipite wiki ijayo.

Habari yenyewe unayo, maana barua zangu zote zimegongwa mhuri wa masjala yako. Nilinunua nyumba ambayo haijaisha: kuta, linta, bati juu, basi. Muuzaji ana hati. Upekuzi ulionyesha kiwanja hakina deni wala zuio. Mkataba tuliusaini mbele ya wakili, fomu namba 29, 30 na 35 zikajazwa, taarifa ya uthamini ikaambatanishwa, muuzaji akamalizana na TRA, mimi nikalipa ushuru wa stempu. Kila kontroo namba mliyonipa niliilipia kwa simu nikiwa bado nimekaa kwenye benchi lenu. Mtandao wa kupokea hela haujawahi kusumbua. Unaosumbua ni ule mwingine.

Baada ya malipo, faili halionekani. Siku moja karani wako, kijana mstaarabu, alinifungulia daftari la kutolea mafaili. Alishusha kidole mpaka kwenye namba ya kiwanja changu. Tarehe ipo. Idara lilikokwenda ipo. Kwenye safu ya aliyelipokea kuna sahihi kama mkia wa panya, na ofisi nzima, kuanzia masjala mpaka kwa wathamini, hakuna aliyekiri kuijua. Wakaniambia nipite wiki ijayo.

Sasa nikueleze hiyo wiki ijayo inanigharimu nini. Ninapopanga nalipa shilingi 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba wangu, kama wengi wa mjini hapa, hapokei chini ya miezi sita. Milioni moja na nusu kwa mkupuo. Benki ilikwishakubali kunipa mkopo wa kumalizia ujenzi, mradi hati isome jina langu. Mpango ulikuwa niweke milango, madirisha na umeme, nihamie, dari na vigae vitanikuta humo ndani kama wanavyofanya Watanzania wengi. Hati haikutoka. Nikalipa milioni moja na nusu. Barua ya benki ikapitwa na muda, nikaomba upya. Hati haikutoka. Nikalipa milioni moja na nusu nyingine. Kwa hela hiyo hapa kwetu napata mifuko karibu 90 ya saruji, plasta ya nyumba yangu ndani na nje, na chenji ya kumlipa fundi siku zake za mwanzo. Badala yake nimemsaidia mwenye nyumba wangu kupandisha ghorofa. Namwona akipandisha.

Mengine sitayarefusha. Nyaya za umeme zilizokuwa zimeshapitishwa ukutani zimeibwa. Muuzaji, ambaye nimemzuilia sehemu ya bei mpaka hati itoke, hapokei tena salamu zangu. Na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kila mwezi inanikata shilingi 1,500 kwa nyumba ya mtu mwingine. Wanasema mpangaji amdai mwenye nyumba amrudishie. Nitamdai kwa mdomo upi, ikiwa ndiye ninayembembeleza asinipandishie kodi? Hilo si lako, najua, nimelitaja tu kwa kuwa limenikaa rohoni.

Lililo lako ni hili: ankara ya kodi ya pango la ardhi ya kiwanja hicho hicho ilitoka kwa wakati, namba ya kiwanja sahihi, ukubwa sahihi, hela sahihi. Kumbe mkitaka kukiona mnakiona.

Barua hii wataisoma pia wanaojiandaa kununua nyumba, kwa hiyo niruhusu niseme nao kidogo mbele yako. Nilipoanza nilishauriwa vizuri sana. Bei ya nyumba usiihesabu peke yake: kuna wakili, kuna mthamini, kuna ushuru wa stempu asilimia 1. Kodi ya asilimia 10 ya faida ni ya muuzaji, lakini mezani mara nyingi huangukia kwa mnunuzi, hivyo iandikeni kwenye mkataba nani anailipa. Fanya upekuzi kabla ya kutoa hata senti. Usimalize hela yote kabla hati haijahamishwa. Yote nimeyafuata, na nashauri yafuatwe. Fungu moja tu hakuna aliyenitajia, nalo limezidi yote hayo kwa pamoja: kodi ya kuishi kwa watu huku ukiisubiri ofisi yako. Anayenunua leo atenge ya mwaka mzima kwanza, ndipo aulize bei ya nyumba.

Nina jirani kule kiwanjani. Yeye alinunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti, na alilalamika kidogo tu kuhusu asilimia 10 aliyodaiwa pale mtaani, ambayo sijui inatoka sheria gani. Hana hati, hana fomu namba 29. Anakaa kwake. Jioni yuko barazani na kahawa yake, mimi nikipita kukagua kama mabati yangu bado yapo ananikaribisha na kuniuliza, kwa upole kabisa, zile karatasi zangu zimefikia wapi. Mnatuhimiza turasimishe. Mnafunga mahema ya kliniki za ardhi, nami nilipanga foleni kwenye hema moja nikaelekezwa nirudi ofisini kwako. Nchi imekopa dola milioni 150 Benki ya Dunia kuboresha usalama wa milki za ardhi, mkopo ambao mimi na jirani yangu tutaulipa sawasawa. Halafu aliyefuata utaratibu ndiye anayelala kwenye nyumba ya kupanga. Huyu jirani mnataka nimshawishi kwa hoja gani?

Ninachoomba hakihitaji dola. Nina nakala za kila karatasi, zenye mihuri yenu na risiti zenu, na muuzaji bado ana hati halisi mkononi. Fungueni faili la muda kutokana na nakala hizo na uhamisho uendelee. Nijibiwe kwa maandishi, kwa jina na cheo cha anayejibu: nani alisaini daftari lile? Na ule Mkataba wa Huduma kwa Mteja uliobandikwa ukutani nyuma ya kiti cha mlinzi, ama utekelezwe, ama ubanduliwe.

Kodi yangu inaisha mwisho wa mwezi ujao. Mwenye nyumba ameshanikumbusha. Nipatie hati kabla ya hapo, Ndugu Mkuu, au unieleze kwa maandishi hiyo milioni moja na nusu inayofuata nimdai nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji mwenye nyumba