Nani Atamwambia Mkulima wa Nguruman Pilipili Yake Inaugua Nini?

Juni 2025 Waziri wa Kilimo Mutahi Kagwe alitangaza kwamba bidhaa 77 za kuua wadudu, kuvu na magugu zimeondolewa katika soko la Kenya, 202 zimewekewa masharti, na 151 bado zinachunguzwa. Tangazo lilishangiliwa, na lilistahili kushangiliwa. Tangu Gladys Boss Shollei, akiwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, apeleke ombi Bungeni mwaka 2019 akitaka dawa hatari zitolewe, ilikuwa imepita miaka 6, na muda huo wote makopo yaliyokataliwa Ulaya yaliendelea kupangwa kwenye rafu za Kitengela, Kajiado mjini na Loitokitok kana kwamba ini la Mkenya ni la chuma.

Kinachoniudhi ni jinsi wakubwa walivyojipangusa mikono baada ya hapo. Mkulima ameambiwa ageukie njia mbadala. Ameambiwa afuate udhibiti jumuishi wa visumbufu. Hajaambiwa ni nani atakayefika shambani kwake kumwonyesha mmea wake unaugua nini, na bila mtu huyo orodha ya Bodi ya Kudhibiti Viuawadudu haitabadilisha ila majina ya makopo. Serikali imefanya nusu rahisi ya kazi na kuiita kazi nzima.

Nachukua mfano wa Nguruman, Kaunti ya Kajiado, kwa sababu huko hakuna pa kujificha. Ukiteremka kutoka Kiserian hadi Magadi, ukalipita ziwa na kuuvuka mto Ewaso Ng'iro wa Kusini, unafika chini ya ukuta wa mlima. Safari nzima ni jua, mawe na mbuzi, kisha ghafla unakuta mifereji ya maji kutoka mlimani, na kandokando yake migomba, miembe, bamia, karela, biringanya na pilipili. Baadhi ya mavuno hayo huliwa Nairobi, na mengine hupanda ndege kwenda Ulaya. Pilipili huleta pesa haraka kuliko mwembe, na huugua haraka kuliko mwembe.

Wapo wanaosema marufuku yenyewe ni kosa. Wauzaji wa dawa wanadai kwamba kuvu zitamaliza mashamba na chakula kitapanda bei. Hoja hiyo nimeisikia, nami naona haina uzito: klorothalonili, kiuakuvu kilichokuwa kikipigwa karibu kila mahali na sasa kimo kwenye orodha ya vilivyoondolewa, Umoja wa Ulaya ulikataa kukiongezea muda mwaka 2019, mojawapo ya sababu ikiwa hofu kwamba mabaki yake yanapenya hadi maji ya ardhini. Wakulima wa Ulaya hawajafa njaa. Huku kwetu maji ya mfereji wa Nguruman humwagilia shamba, hunyweshwa ng'ombe na kutekwa na watoto, na yanayobaki huelekea bwawa la Shompole na Ziwa Natron, ambako flamingo wadogo huzaliana. Wengine wanasema serikali haina pesa za kuajiri maafisa wa kilimo. Huenda ni kweli. Wengine tena wanasema simu itatosha, na wanataja Nuru, programu inayotambua magonjwa ya muhogo kwa picha. Nuru ni kazi nzuri kwa mkulima wa muhogo. Wa pilipili haimsaidii.

Turudi kwenye lililo kubwa. Niliwahi kusimama kwenye kaunta ya agroveti moja Kitengela wakati mzee mmoja alipoingia na jani la pilipili alilolikunja ndani ya kipande cha gazeti. "Kijana, shamba lote limejikunja hivi," alisema. Kijana hakulifungua gazeti. "Mzee, chukua hii ya kuvu na hii ya wadudu, uchanganye kwa pampu moja ya lita 20. Zikikataa, urudi." Mzee akalipa, akaondoka. Jani likabaki kwenye kaunta, halijatazamwa na mtu.

Jani lile lilikuwa na mengi ya kusema. Pilipili ikijikunja kingo kuelekea juu, na upande wa chini ukaonyesha mikwaruzo ya rangi ya fedha, mara nyingi ni vithiripi. Ikijikunja kuelekea chini, majani machanga yakawa membamba na magumu, na mgongo wa jani ukawa na mng'ao wa kahawia, mshukiwa wa kwanza ni utitiri, viumbe wadogo wasioonekana bila lenzi. Jani likiwa na mabaka ya kijani na manjano, mmea umedumaa na maua yanapukutika, huenda ni virusi vilivyoletwa na vidukari au nzi weupe. Hali tatu, na kwa jicho la mtu aliyechoka na jua la Magadi zote ni "kujikunja". Kiuakuvu hakitibu hata moja kati ya hizo. Kiuawadudu cha kawaida kinaweza kuua vithiripi, lakini kikipigwa penye utitiri huwaua wale wadudu wema wanaoula, na wiki mbili baadaye utitiri umeongezeka. Virusi navyo havina dawa ya kupuliza duniani kote. Tiba yake ni kung'oa mmea mapema na kuuchoma, na kukuza miche ya msimu ujao chini ya neti.

Kwa hiyo yule mzee alikuwa na nafasi kubwa ya kununua vitu viwili visivyomfaa. Kosa lake li wapi?

Mnyauko ni hivyo hivyo. Mmea unalegea mchana, usiku unajaribu kuinuka, siku ya tatu umelala. Sababu inaweza kuwa bakteria, kuvu wa mizizi, au maji kukosa. Kuna kipimo kisichogharimu shilingi: kata shina karibu na ardhi kwa kisu safi, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi, na usiitikise. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato. Uzi huo ukionekana, jua kwamba hakuna chupa dukani itakayouponya mmea huo. Usipoonekana, na shina limekuwa jeusi pale linapogusana na udongo, unaanza kushuku kuvu wa mizizi, na hapo la kurekebisha kwanza ni maji yanayotuama. Kipimo hiki mtu hujifunza kwa nusu saa. Swali ni nani atamfundisha, na mwenye duka hapati chochote kwa kumfundisha.

Hapo ndipo penye kiini, nami nitapakalia hapo. Katika mfumo wetu wa sasa, anayemwambia mkulima ugonjwa ni upi ndiye anayepata riziki kwa kuuza dawa ya ugonjwa huo. Simlaumu kijana wa kaunta. Analipwa ili auze. Leseni ya duka inahusu kuuza na kuhifadhi dawa kwa usalama, na hilo ni jema. Hakuna katika leseni hiyo panapompa utaalamu wa kutofautisha utitiri na virusi, wala panapomruhusu kusema maneno ambayo mara nyingi ndiyo ya kweli: usinunue kitu, nenda ung'oe. Mtu anayesema hivyo siku nzima atafunga duka. Basi tunaondoa klorothalonili, kijana anageuka, anachukua kopo linalofuata kwenye rafu, na jani bado limefungwa ndani ya gazeti.

Chukua ubwiri unga, ugonjwa unaopenda nchi kavu yenye joto kama bonde la Magadi. Juu ya jani la pilipili unaona mabaka ya manjano, na unga mweupe uko chini. Kuvu huyu hukaa ndani ya jani, tofauti na jamaa zake wanaotandaa juu, kwa hiyo dawa za kugusa tu kama klorothalonili hazikuwa na nguvu kubwa kwake hata zilipokuwa halali. Salfa ya bei rahisi husaidia ikianza mapema, lakini ikipigwa saa saba mchana kwenye joto la nyuzi 35 huunguza majani. Lazima ipigwe jioni, na ifike chini ya jani. Maarifa yote haya hayamo kwenye tangazo la Waziri, na lebo ya kopo haiwezi kuyabeba.

Na ugonjwa hauheshimu mpaka wa shamba. Nguruman humwagilia kwa mifereji. Maji yakipita kwa jirani wa juu hufika kwa jirani wa chini, na bakteria wa mnyauko husafiri nayo bila nauli, hali kadhalika kuvu wa mizizi. Mkulima wa juu asipojua ana nini, wa chini wote wameshaambukizwa kabla ya kuuliza. Ndiyo maana nakataa kabisa kusikia kwamba kutambua ugonjwa wa mmea ni huduma binafsi ambayo kila mtu ajilipie dukani. Ni kazi ya umma, sawa na barabara na sawa na chanjo ya mifugo.

Kajiado inalijua hilo kwa upande wa ng'ombe. Tangu mwaka 2011 Kenya ina sheria inayosema ni nani anayeruhusiwa kumtibu mnyama: awe amesoma, amesajiliwa, na anaweza kufutwa akifanya makosa. Mmaasai hawezi kukubali ng'ombe wake adungwe sindano na mtu ambaye hajamtazama hata mdomoni. Pilipili inayolipa karo ya watoto wale wale inatibiwa bila kutazamwa.

Mtu atasema ninaota ndoto. Basi atazame chai. Chai ya Kenya, ya wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanaopeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, hulimwa karibu bila dawa za kupuliza. Bahati imo: ugonjwa wa malengelenge unaotesa chai ya India na Sri Lanka haujafika Afrika. Lakini bahati haitoshi. Chai yetu ina kuoza kwa mizizi kunakoletwa na kuvu wa Armillaria, na maarifa ya kupambana nako yalianzia shambani. Miaka ya 1930 huko Nyasaland, Malawi ya leo, mtafiti R. Leach aligundua kwamba ukiubandua mti wa msituni gome kwa kuuzungushia pete kabla ya kuukata, mizizi yake huishiwa na chakula na kuvu hukosa pa kujilisha. Panga na subira, basi. Kericho imekuwa na taasisi ya utafiti wa chai tangu 1951, ikichagua aina zinazostahimili, na mkulima wa chai akiona kichaka kinakauka anajua ni nani wa kumwita. Tofauti ya mkulima wa Kericho na wa Nguruman haiko kwenye makopo waliyonyimwa. Mmoja ana taasisi nyuma yake, mwingine ana kaunta.

Na Nguruman yenyewe imeshawahi kuonyesha jinsi kazi hii inavyofanywa. Miaka ya 1980 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walikaa pale, wakachunguza mbung'o mpaka wakajua anavutwa na nini, na wakatengeneza mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi yenye harufu ya mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mitego hiyo ilijulikana kwa jina la mahali hapo, na jamii yenyewe ilishiriki kuishona na kuitunza. Hawakuanza kwa kunyunyizia bonde zima sumu. Walianza kwa kumjua adui. Wazee wa Nguruman waliokuwa vijana wakati huo hawahitaji semina ya kuelezwa maana ya udhibiti jumuishi.

Sasa tunapewa nini? Kilimo kilihamishiwa kaunti mwaka 2013, na tangu hapo nafasi za maafisa wa ugani wanaostaafu kwa kawaida hazijazwi. Kiwango kinachotajwa mara kwa mara ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Kenya mmoja anabeba zaidi ya 1,000. Badala yao serikali imeleta vijana wa mradi wa NAVCDP wanaoitwa agriprenyua, ambao wanatarajiwa kuishi kwa kuwauzia wakulima huduma na pembejeo. Vijana hao wana bidii, sina ugomvi nao. Lakini tazama kilichofanyika: tumemtoa yule mshauri asiyeuza, tumemweka mwingine anayeuza, kisha tunashangaa kwa nini dawa hazipungui! Hili si bahati mbaya. Ni uamuzi wa watu wanaojua wanachofanya, na uvumilivu wangu nao umekwisha.

Kliniki za mimea zilianza Kenya mwaka 2010 chini ya mpango wa Plantwise wa CABI: meza chini ya mti siku ya soko, afisa aliyefunzwa, lenzi, kisu, picha za magonjwa, na mkulima analeta mmea wake mgonjwa bila malipo. Meza kama hiyo Entasopia, soko la Nguruman, siku ya soko ingegharimu kaunti kidogo sana. Sampuli zinazomshinda afisa zingepelekwa maabara za KALRO au KEPHIS Nairobi, na majibu yabandikwe ukutani ili wote wanaotumia mfereji mmoja wayasome. Afisa huyo apigwe marufuku kuuza hata bomba la pampu.

Tangazo lile liliacha bidhaa 151 mezani kwa Bodi, na huenda nyingine zikaondolewa. Ziondolewe. Lakini makadirio ya bajeti ya Kaunti ya Kajiado huwekwa wazi kila mwaka, na umma una haki ya kuyajadili. Mkulima yeyote wa wadi ya Magadi atakayehudhuria kikao hicho anaweza kuuliza swali moja na kudai lijibiwe kwa shilingi: ni kiasi gani kimetengwa kwa mshahara wa afisa wa magonjwa ya mimea, pikipiki yake na mafuta yake, na kwa kulipia sampuli maabara? Jibu likiwa sufuri, aombe liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.